Anastase Cirhuza, Aliyetuelekeza kwa Jogoo

Wapendwa waombolezaji, mlio wa ukoo na mlio majirani, mliofika kwa miguu kutoka maghorofa ya hapa Bredäng na mliosafiri kutoka Liège, Oslo na Göteborg, mimi naitwa Fidèle Mushagalusa, mdogo wake mjane wetu Concessa, yaani ni shemeji ya marehemu, na familia imenituma niwasomee historia ya maisha yake leo, Ijumaa tarehe 22 Machi 2013, kazi ambayo kwa haki ni ya kaka yake mkubwa, mzee Jonathan, aliyeketi hapa mbele, lakini mzee ameniambia kwamba sauti yake haitamaliza ukurasa wa kwanza, nami nimekubali, ingawa mnajua wote kwamba mimi na marehemu tulitaniana miaka thelathini na minne bila likizo, na sina hakika kama leo nitaweza kuacha.

Marehemu Anastase Cirhuza alizaliwa tarehe 14 Mei 1949 huko Nyangezi, kusini mwa mji wa Bukavu, katika Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa mzee Cirhuza Mugaruka na mama Tereza Nabahavu, na kwa kuwa baba yao alifariki mwaka 1955, Anastase akiwa na miaka sita tu, aliyebaki kuwa baba yake ni huyu kaka yake Jonathan, aliyemzidi miaka tisa, ambaye alimpeleka shule, alimnunulia kalamu, alimchapa alipostahili na wakati mwingine alipokuwa hastahili, na nawaomba mkumbuke jambo hilo, maana bila kulijua hamtaelewa uzito wa yale nitakayoyasema mbele.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma shule ya msingi hapo hapo Nyangezi kuanzia mwaka 1955 hadi 1961, kisha akajiunga na shule ya ufundi mjini Bukavu, ambako masomo yalikatizwa na vita vya mwaka 1967, akarudi darasani wengine walipokata tamaa, na mwezi Juni 1968 akapata cheti chake cha useremala, cheti ambacho alikibeba katika mfuko wa plastiki kupita mipaka miwili na ambacho kipo mpaka leo katika droo ya kabati lao, kikiwa na harufu ya moshi.

Alianza kazi mwezi Januari 1969 katika karakana ya misheni, akatengeneza madawati na milango ya makanisa kwa miaka kumi na mitano, na tarehe 3 Septemba 1984 akafungua karakana yake mwenyewe katika mtaa wa Kadutu, nyuma ya bomba la maji, mkabala na nyumba yenye bati la kijani, na nimetaja bomba na bati kwa makusudi, kwa sababu kule kwetu hakuna aliyewahi kuuliza karakana ya Anastase ni namba ngapi, uliambiwa upite bomba, uangalie bati, usikilize msumeno, na ulifika bila kupotea, hata kama ulikuwa mgeni wa siku moja.

Tarehe 23 Desemba 1978, siku ya Jumamosi, marehemu alifunga ndoa takatifu na dada yangu Concessa Nabintu, baada ya kutusumbua nyumbani kwa ziara za miezi kumi na moja alizodai ni za kuja kupima meza ya baba, meza ambayo mpaka tunakimbia nchi haikuwa imetengenezwa, na Mungu akawajalia watoto wanne, Aristide aliyezaliwa mwaka 1980, Aurore mwaka 1983, Darlène mwaka 1990, na Béata mwaka 1994.

Vita vilipoingia Bukavu mwishoni mwa Oktoba 1996, familia iliondoka kwa miguu, ikapita njia ya Uvira, ikavuka ziwa, na tarehe 19 Novemba ikapokelewa katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, nchini Tanzania, ambako waliishi miaka mitatu kasoro siku chache, na ni huko, tarehe 8 Februari 1998, Béata alifariki kwa homa akiwa na miaka minne, akazikwa katika kaburi lililowekwa kibao cha namba, kama vile nyumba yao ilivyokuwa na namba, na kadi yao ya chakula ilivyokuwa na namba, na foleni ya maji ilivyokuwa na namba, na tangu siku ile Anastase alichukia namba kwa chuki ambayo sikuielewa vizuri kwa muda mrefu, nikaifanyia mzaha, na leo mbele yenu nasema nilikosea kuifanyia mzaha.

Tarehe 11 Novemba 1999 familia ilifika Sweden kwa mpango wa kuhamishia wakimbizi nchi ya tatu, na mwezi Juni mwaka uliofuata ikapewa nyumba hapa Bredäng, ghorofa ya tano, ambayo marehemu alikuwa akiwaelekeza watu kwa kusema ni ile yenye maua mekundu dirishani, na majira ya baridi maua yalipokufa alikwenda kununua ya plastiki ili wageni wasipate shida, wakati namba ya jengo imeandikwa mlangoni kwa maandishi makubwa kama mkono wangu.

Baada ya masomo ya Kiswidi, ambayo aliyamaliza kwa alama ambazo familia imeniomba nisizitaje, marehemu aliajiriwa tarehe 2 Mei 2001 kuwa mtunza uwanja katika uwanja wa maonyesho wa Vretmarken, hapo chini ya mlima, mwendo wa dakika kumi na mbili kutoka kituo chetu cha metro, na wengi wenu mliofika nchi hii hivi karibuni hamkuuona uwanja ule ulivyokuwa, kwa hiyo niruhusuni niueleze kidogo, Darlène aliyechapa karatasi hii aliniambia nifupishe sehemu hii, sikufupisha.

Palikuwa na banda refu la ng'ombe ambako wakulima walileta mifugo yao kila mwezi Agosti ili ishindanishwe, palikuwa na mzani mkubwa wa chuma wa kupimia ng'ombe hao, ambao sisi tulipanda familia nzima kwa mara moja, baba, mama na watoto, na kila mwaka tukaona tumeongezeka, palikuwa na mnara wa saa ambayo ilikuwa nyuma kwa dakika ishirini na ambayo kwa ajili hiyo ilipendwa sana na watu wetu, palikuwa na gurudumu kubwa la kubembea, na kibanda cha chapati za Kiswidi zenye jamu, na juu ya lango la mashariki alisimama Jogoo, jogoo wa mbao, mwekundu, mrefu kuliko watu wawili waliopandana mabegani, aliyechongwa na wakulima miaka mingi kabla yetu, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeonekana kutoka kila upande, sisi wasemaji wa Kiswahili, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wakenya, Watanzania na Waganda, tulifanya mahali pale kuwa petu, na kila Jumamosi ya mwisho wa Agosti tuliambiana kwa simu tukutane kwa Jogoo, na watu walipatana hapo, watu waliachana hapo, na angalau jozi tatu za ndoa zilizomo humu kanisani leo zilitazamana kwa mara ya kwanza chini ya mkia wake.

Anastase aliupenda uwanja ule kama mtu anavyopenda nyumba aliyoijenga mwenyewe, ingawa alikuwa akiufagia tu na kurekebisha viti na milango, na mara mbili, mwaka 2002 na mwaka 2005, alipanda ngazi kumrekebishia Jogoo upanga wake wa kichwani uliooza kwa mvua, akachonga vipande vipya bila kuambiwa na mtu, na msimamizi wake alipouliza nani aliyefanya kazi nzuri vile, marehemu, ambaye kwa kawaida hakujinyima sifa, alisema hajui.

Lakini uwanja ulianza kubadilika, na haukubadilika kwa siku moja, ulibadilika kama kichwa kinavyoota mvi, banda la ng'ombe lilibomolewa mwaka 2003 kwa sababu wakulima walikuwa wachache, mzani ukaondolewa mwaka 2004, mnara wa saa ukafuata mwezi Aprili 2006, na mwezi Novemba 2007 lango la mashariki likapanuliwa ili malori yapite, Jogoo akateremshwa kwa winchi, akafungwa turubai, akapelekwa upande wa pili wa jiji, Akalla, kwenye uwanja wa kuchezea watoto, na siku hiyo marehemu aliomba ruhusa ya ugonjwa, siku pekee aliyowahi kusema uongo kazini, kwa mujibu wake mwenyewe.

Tangu hapo ukimuuliza njia ya kwenda mahali popote Vretmarken, alikuambia upite palipokuwa na mzani, ukate kulia palipokuwa na mnara, uendelee mpaka palipokuwa na Jogoo, na mtu wa watu aliyefika jana kutoka Bujumbura alisimama katikati ya uwanja mtupu akitafuta vitu vitatu ambavyo havipo, na dada yangu alipomwambia mume wake kwamba anawatesa watu, alijibu kwamba vitu hivyo vipo, ila havionekani kwa sasa, na kwamba yeye hatakubali watu wake waanze tena kuitana kwa namba.

Sasa nafika kwenye arusi ya Aurore, na nimepewa ruhusa na mzee Jonathan mwenyewe, na Aurore, na Bruce mume wake, kuisema kama ilivyokuwa.

Arusi ilipangwa kufanyika Jumamosi tarehe 2 Agosti 2008, saa saba mchana, katika ukumbi mdogo ulio nyuma ya lango la mashariki la uwanja, na kwa desturi yetu, kama wengi mnavyojua, baba mzazi hamtoi binti yake, anayemshika bibi arusi mkono na kumkabidhi kwa ukoo wa mume ni baba mkubwa, na asipokuwepo baba mkubwa, mtoto huonekana ametolewa kwa siri kama kitu cha kuibwa, kwa hiyo mzee Jonathan alishona suti mpya huko Liège, akaandika maneno yake ya kukabidhi katika daftari, na akayafanyia mazoezi mwezi mzima mbele ya kioo, haya tumeambiwa na mke wake.

Kadi za mwaliko aliziandika marehemu, na dada yangu alimsihi aweke jina la barabara na namba, Vretmarksvägen 14, neno moja na tarakimu mbili tu, akakataa, akaandika kwamba sherehe itafanyika katika ukumbi ulio nyuma ya Jogoo, kama kawaida, na kadi hizo zikaenda mpaka Ubelgiji.

Asubuhi ya siku ile ndugu yetu Wanjohi, Mkenya wa Farsta, mtu makini kuliko sisi wote, alikwenda uwanja wa ndege wa Arlanda na basi dogo kuwapokea wageni tisa akiwemo mzee Jonathan, na kwa kuwa ni mtu makini alikuwa ameisoma kadi mara mbili, na alikuwa amesoma pia katika gazeti kwamba Jogoo amehamia Akalla, akahesabu kwamba wenye arusi watakuwa wamekodi ukumbi huko, na saa tano kamili akawashusha wageni wote, waliovaa suti na vitenge na kofia za manyoya, katikati ya uwanja wa watoto wa Akalla, mbele ya Jogoo aliyepakwa rangi mpya, na mzee Jonathan akampigia simu dada yangu akasema, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, "Tuko hapa ku Jogoo, lakini naona batoto tu, mariée iko wapi?" akimaanisha bibi arusi.

Dada yangu alilia na kucheka kwa pamoja, akawaeleza njia, muda bado ulikuwepo wa kutosha, Wanjohi akawaita wageni wapande basi haraka, lakini mzee Jonathan alisema wao watangulie, yeye atakuja na metro, anataka kupumua kidogo, na alisema hivyo kwa sauti ambayo Wanjohi, aliyelelewa vizuri, hakuweza kuipinga, akamwandikia vituo katika karatasi na kuondoka.

Mzee hakufika, simu yake haikupokelewa, saa saba ikapita, saa nane ikapita, Aristide akatumwa kituoni akarudi peke yake, wazee wa upande wa Bruce wakaanza kutazamana, na ukumbi ulitakiwa kurudishwa saa kumi na mbili, basi saa tisa na dakika kumi Anastase alisimama, akamshika Aurore mkono mwenyewe, akamkabidhi mwenyewe, na waliokuwepo mnakumbuka kwamba hakuna aliyepiga kigelegele.

Jioni Wanjohi alimkuta mzee Jonathan akiwa bado kwenye benchi la Akalla, akampeleka alikotaka, hoteli ya uwanja wa ndege, na asubuhi yake mzee alirudi Liège bila kuonja hata punje ya wali wa arusi, na habari aliyokwisha kusikia ni moja tu, kwamba mdogo wake hakumngoja.

Watu wakasema mzee alipotea kwenye metro, akarudi Akalla akaona aibu, na Anastase akaibeba aibu ile kuwa ni yake, kwa miaka minne alipiga simu Liège kila Jumapili baada ya ibada, na kwa miaka minne simu haikupokelewa, Emmanuella, binti wa Aurore na Bruce, alizaliwa tarehe 5 Juni 2009 na baba mkubwa hakutuma salamu, gurudumu la kubembea likabomolewa mwaka 2010, likafuata tangazo kwamba uwanja wote utafungwa na kujengwa nyumba za kuishi, na marehemu aliniambia siku moja, tukiwa tunakunja viti, kwamba vitu vyote vya uwanja ule angeweza kuvizoea kuondoka, lakini kaka yake, aliyemlea, hawezi kumzoea kuondoka, na kwamba hamwombi Mungu kitu kingine chochote ila wapatane kabla mmoja wao hajalala, nami nikampokea viti alivyoshika nikavikunja mwenyewe.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kulalamika maumivu ya tumbo na mgongo mwezi Februari 2012, na tarehe 17 Aprili 2012 madaktari wakagundua saratani ya kongosho, wakasema ukweli bila kuuzungushazungusha, na yeye akauliza kwa Kiswidi chake, kama atafika Septemba, wakamwambia inawezekana, akasema basi inatosha, kisha akarudi nyumbani, akamwomba Darlène karatasi na kalamu, akaandika barua kwa kaka yake.

Barua hiyo mzee Jonathan anayo mfukoni hata sasa na amenionyesha, haina neno la ugonjwa ndani yake, haina hata neno la samahani, ina ukurasa mmoja mzima wa maelekezo, inasema Jumamosi tarehe 1 Septemba 2012 ni siku ya mwisho ya uwanja, njoo, ushuke metro kituo cha Bredäng, mstari mwekundu, utoke mlango wa mashariki, utembee mita mia nane, barabara inaitwa Vretmarksvägen, namba 14, namba ya posta ni hii, namba ya simu yangu ni hii, namba ya simu ya Concessa ni hii, na mzee anasema alipoona mkono wa mdogo wake umeandika namba zote zile, mtu aliyeapa katika kaburi la mtoto wake kwamba hatamwelekeza mtu kwa namba tena, alijua kwamba ama amekubali kushindwa ama anakufa, akakata tiketi siku hiyo hiyo.

Alifika kwa metro, peke yake, bila kuuliza mtu, saa nne na nusu asubuhi, na sisi tuliokuwepo, tukiwa watu wapatao sitini, tulisogea kando kumpisha, ndugu wawili wakasalimiana kwa mikono miwili, wakaondoka pamoja wakitembea uwanjani polepole, Anastase akimwonyesha palipokuwa na hiki na palipokuwa na kile, na mzee akitikisa kichwa kana kwamba anaviona, na walipofika kwenye lango la mashariki marehemu alisimama na kusema jambo ambalo alikuwa hajamwambia hata mke wake, kwamba siku anaandika zile kadi alijua kabisa watu wanaweza kupotea, alijua, lakini kuandika kwamba Jogoo hayupo kulimshinda, akaona heri wageni wapate tabu kuliko yeye kuandika, na kwamba hilo ndilo kosa lake, halikuwa bahati mbaya.

Mzee Jonathan naye akasema lake, kwamba hakupotea, hakupotea hata dakika moja, karatasi ya Wanjohi ilikuwa wazi na kituo kilikuwa mbele ya macho yake, ila alipokuwa amesimama pale kati ya watoto wa watu, na suti yake, aliona kwamba mdogo wake amemtuma dereva kumpokea badala ya kuja mwenyewe, akakaa kwenye benchi ili aje kutafutwa, akangoja Anastase aje, na alivyozidi kungoja ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kusimama, na miaka minne yote alikuwa bado amekaa pale.

Kisha wakacheka, wapendwa, wazee wawili, mmoja mgonjwa na mmoja mwenye fimbo, walicheka wakashikana mabega mpaka dada yangu akakimbia akidhani mmoja amezidiwa, na tulipoambiwa wanacheka nini wengine wetu tulikasirika, mimi wa kwanza, kwa sababu niliona miaka minne imepotea bure, lakini siku hizi sikasiriki tena.

Mchana ule ule, mahali pale pale penye lami tupu, mzee Jonathan alitoa daftari lake, lile lile la mwaka 2008, akamshika Aurore mkono, akamkabidhi kwa Bruce na kwa ukoo wake, miaka minne na mwezi mmoja baada ya siku yake, Emmanuella akiwa amesimama kati ya wazazi wake, na vigelegele vilivyopigwa viliwafanya wafanyakazi wa kampuni ya ujenzi watoke kwenye vibanda vyao kutazama, na Emmanuella, aliyesikia habari za Jogoo tangu yuko tumboni, akamvuta babu yake suruali akamwuliza kwa Kiswidi jogoo yuko wapi, na Anastase akainama akamjibu, kwa mara ya kwanza kwa kinywa chake, kwamba hapa hayupo tena, mjukuu wangu, yuko Akalla, amepakwa rangi nzuri, tutakwenda kumwona.

Na walikwenda, tarehe 6 Oktoba 2012, Anastase, Jonathan na mtoto, akamkagua Jogoo kutoka miguuni mpaka kichwani, akasema waliopaka rangi ni watu wanaojua kazi, isipokuwa upanga wameupinda kidogo, na njiani kurudi akamwambia kaka yake kwamba watoto watakaozaliwa katika nyumba mpya za Vretmarken nao watahitaji mahali pa kuambiana tukutane pale, watakichagua wenyewe kitu chao, pengine mti, pengine duka, pengine ukuta wenye rangi mbaya, na kwamba hilo halimhuzunishi tena, linamfurahisha.

Mzee Jonathan hakurudi Liège, alikaa nao ghorofa ya tano majira yote ya baridi, akamsomea mdogo wake magazeti, akamnyoa ndevu, akagombana naye kuhusu mpira, na Jumamosi tarehe 9 Machi 2013, saa nne asubuhi, jua likiwa linaingia dirishani, marehemu aliaga dunia nyumbani kwake akiwa na miaka sitini na mitatu, mke wake akiwa ameshika mkono wa kulia na kaka yake mkono wa kushoto, ameacha mjane, watoto watatu, mjukuu mmoja, na shemeji ambaye hana mtu wa kumtania.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari waliotuambia ukweli kwa upole, wauguzi waliokuja nyumbani kila siku katika theluji, majirani wa ngazi yetu, hasa Roselyn aliyepika uji ambao ndio pekee marehemu aliukubali wiki zake za mwisho, wafanyakazi wenzake wa Vretmarken walioketi pale nyuma na ambao Aristide anawatafsiria kwa kunong'ona, akina mama wawili wa kibanda cha kahawa cha Akalla ambao mwaka 2008 walimpa mzee asiyejulikana chai na mkate mchana kutwa bila kuuliza anafanya nini pale, na ndugu Wanjohi, ambaye alijilaumu miaka minne kwa kosa lisilokuwa lake, na ambaye leo ametuleta wote na basi lile lile.

Wiki moja kabla ya kufariki, marehemu alimwita Darlène akamwambia kwamba katika tangazo la msiba waandike jina la kanisa, barabara na namba, na la makaburini vivyo hivyo, na sehemu ya kaburi na namba yake, wasione haya, kwa sababu anataka watu wafike, Darlène akaandika huku analia, na ndiyo karatasi mliyoipokea.

Sasa ibada ikiisha tutatoka kwenda kaburini, na mbele ya jeneza atatembea kaka Jonathan, peke yake, kwa kuwa kwa desturi yetu na kwa haki yake yeye ndiye anayemkabidhi mdogo wake, na safari hii tutamngoja, hata akitembea polepole namna gani hakuna atakayempita, kaka tafadhali simama, tuko nyuma yako.

Pumzika kwa amani, shemeji yangu, nimewatazama mmoja mmoja wakati nasoma, na wote wamefika.